Kosa Moja la Shangazi wa Chumba Namba Sita

Idara ya Muziki ina heshima kubwa kuwatangazia wahadhiri, wafanyakazi na wanafunzi wote kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, kiti cha piano katika Chumba Namba Sita kinaruhusiwa kupandishwa na kushushwa. Kiti hicho hakijaguswa kwa miaka thelathini na moja. Aliyejaribu alitazamwa mara moja tu, na hakurudia.

Mwenye kiti anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28. Wanafunzi humwita Shangazi, na sisi wahadhiri aliotulea tunamwita hivyo hivyo, mvi zetu zote kichwani. Kazi yake ni kusindikiza: mwanafunzi wa kuimba au wa ala anapoingia kutumbuiza mbele ya watahini, Shangazi ndiye anayekaa kwenye piano kumpigia. Msajili anasema amesindikiza mitihani elfu mbili na ushee. Yeye anasema wimbo wa mwaka wa kwanza ameusikia mara nyingi kuliko jina lake.

Alikuja kwetu na mkoba wa noti za muziki na mto wa kukalia alioshonewa na mumewe, fundi cherehani. Mto umebadilishwa kitambaa mara nne. Mume ni yule yule. Ndani ya mkoba hakukosi sindano na uzi, maana suruali ya mtahiniwa ina tabia ya kuachia mshono dakika tano kabla hajaitwa. Mpiga tarumbeta mmoja, ambaye leo ni mkuu wa idara yetu, alishonwa akiwa amesimama, huku akipasha midomo moto. Nimeomba ruhusa ya kuandika hili. Jibu bado sijapata.

Masikio yake yanaogopwa. Asiyefanya mazoezi, Shangazi humjua kwa anavyogonga mlango tu. Atamtania mpaka acheke, kisha atamrudisha mwanzo wa wimbo mara kumi na moja. Lakini siku ya mtihani, mtoto wa watu akitetemeka pale mlangoni, huambiwa maneno matano tu: “Wewe imba, mwanangu. Mimi nipo.”

Sasa habari yenyewe. Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi jioni, Shangazi atapiga piano peke yake katika Ukumbi Mkubwa! Onyesho lake mwenyewe, la kwanza maishani. Viti viliisha Jumanne. Wapiga ngoma wamejiwekea nafasi kwenye ngazi. Mlinzi wa ukumbi amepiga koti lake pasi mara mbili. Wanafunzi waliuliza kama wanaruhusiwa kushangilia katikati ya nyimbo. Mkuu akakataa, kisha akarudi mwenyewe kuuliza kama mara moja hivi itakuwa vibaya sana.

Mgeni atashangaa kwa nini tumengoja hadi leo. Jibu rasmi wote mnalijua. Miaka ishirini na sita iliyopita, katika mtihani wa mwisho wa mwanafunzi mmoja wa kuimba, Shangazi alifunua kurasa mbili kwa pamoja akaruka ubeti wa tatu. Kijana hakuyumba. Alimfuata kwa utulivu hadi mwisho, na watahini wakamsifu kwa kumwokoa mpigaji wake. Shangazi, aliyekuwa ameahidiwa Ukumbi Mkubwa mwezi uliofuata, aliambiwa na mkuu wa wakati ule kwamba anayepotea kwenye wimbo wa beti nne asubiri kwanza. Hakuuliza tena.

Kijana yule ni mimi. Kisa hiki nimewasimulia wanafunzi wapya kila mwaka, kwa vitendo na mikono, na kila mwaka Shangazi ameketi nyuma akicheka hadi kufuta machozi.

Naomba sasa nieleze ilivyokuwa kweli. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele na kofia mpya. Nilimtazama, ubeti wa tatu ukanitoka wote, nikaanza wa nne. Sikujua hata kama nimeruka. Kabla sijamaliza neno la kwanza nilisikia kurasa mbili zikifunuliwa kwa kishindo, na watahini wote wakageuka kumtazama yeye. Vidole vyake vilikuwa vimeshafika nilipo. Wimbo ulipokwisha akasimama, akaomba radhi. Nikafungua mdomo. Akanitazama kama wanavyotazamwa wanaogusa kiti, nikaufunga. Kijana wa miaka ishirini na miwili mnaweza kumsamehe. Huyu wa arobaini na nane, aliyeendelea kusimulia, sijui.

Barua ya kusahihisha kumbukumbu iko kwa msajili tangu Jumatatu, na saini yangu chini yake. Ukurasa huu nilimpelekea Shangazi kwanza. Alisahihisha koma mbili, akasema kishindo hakikuwa kikubwa hivyo, na kwamba siku ile mimi nilikuwa na mtihani mmoja tu maishani, yeye alikuwa na mingine sita kesho yake. Kisha akanitaka Ijumaa nikae kando yake nimfunulie kurasa, kwa sharti nifunue mmoja mmoja. Nafanya mazoezi.

Asante, Shangazi, kwa miaka yote thelathini na moja. Tunakuombea afya, asubuhi za kulala hadi utosheke, na nyumba isiyo na wimbo wa mwaka wa kwanza. Ijumaa wewe piga. Mimi nipo.