Fungu la Wenye Kadi

Kabla ya kutaja tarehe na miaka, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye aliyepewa na familia kazi ya kusoma karatasi hii, anaomba aungame kwanza mbele za Mungu na mbele yenu, maana akianza na sifa ulimi utamkwama: ni yeye aliyewauzia wagonjwa wa kisukari mboga zilizolala, na lawama ikamwangukia dada yake.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Fungu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa mpagazi wa stesheni hiyo. Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akaishia darasa la sita, si kwa uzito wa kichwa, bali kwa kuwa baba aliumia mgongo, naye akajitwika beseni la nyanya, akaingia sokoni na hakutoka tena. Huyu anayewasomea karatasi hii aliimaliza shule kwa nyanya hizo.

Tarehe 7 Juni 1983 alifunga ndoa na fundi baiskeli, wakajaliwa mtoto wa kiume, ambaye sasa ni fundi cherehani, na wa kike, ambaye ni mwalimu. Mwaka 2008 shemeji yetu alikutwa na kisukari, daktari akamwagiza ale mboga na matunda kila siku, naye akacheka, akasema mboga zimejaa hadi chini ya kitanda, ila kila fungu lina unga wa kesho ndani yake. Akaendelea na chai na mkate, akakatwa mguu, akafariki tarehe 19 Oktoba 2012. Mganga hajigangi, na muuza mboga vivyo hivyo.

Baada ya matanga, marehemu alimfuata muuguzi wa kliniki ya kisukari, wakapatana kwamba mgonjwa asiye na uwezo apewe kadi yenye mhuri, aje nayo kibandani kila Jumatano akitoka kliniki, achukue mboga na matunda kwa nusu bei, na nusu ya pili ilipwe na ofisi ya afya. Ofisi ikataka barua, akaipeleka, ikataka nakala, akaipeleka, ikasema aliyepokea nakala amehamishwa. Waliofika ni wapiga picha tu, wakapigana picha na karoti zake, wakaondoka na karoti zenyewe. Nusu ile akaibeba yeye, pamoja na wauzaji wenzake waliomtolea kila mmoja fungu moja la mboga alfajiri.

Mwaka 2016 naye alikutwa na ugonjwa uleule, ikawa Jumatano yuko kwenye foleni ya kliniki, na mdogo wake anashika kibanda. Basi mdogo wake akajifanya mwerevu, akaona anayelipa nusu anastahili nusu, akawawekea wenye kadi mchicha wa juzi alioufufua kwa maji na machungwa yaliyobonyea, na zilizo mbichi na nzuri akawafichia wanaolipa kamili. Wagonjwa wakapungua kutoka arobaini hadi sita. Dada akadhani wanaona haya, akazunguka nyumba kwa nyumba na fimbo yake akiwabembeleza, kila mtu anatazama chini, mpaka mlinzi wa shule alipomwambia, "Mama Fungu, sisi ni wagonjwa, si mbuzi."

Alirudi, hakugomba. Alichukua fungu moja la wenye kadi, akalipika, akalitenga mbele ya mdogo wake, akasema, "Kula, baba, ni chakula chako." Akala lote, na utelezi ule bado uko kooni. Tangu siku hiyo sheria ya kibanda ikawa mwenye kadi achague mwenyewe, tena wa kwanza. Lakini waliorudi ni kumi na mmoja tu, na msukuma mkokoteni, aliyekuwa haikosi Jumatano hata moja, alirudi kwa magongo. Hilo Mungu amsamehe mdogo mtu, maana yeye mwenyewe hajaweza kujisamehe.

Januari 2023 marehemu alitokwa na kidonda kisiginoni, kikagoma kupona, akalazwa, na tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi, Mwenyezi Mungu akamchukua. Juzi imefika barua ya ofisi ya afya, inamtaka afike yeye mwenyewe bila kukosa.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi wa kadi, majirani mliofua mashuka yake, na wauzaji wa sokoni mliofunga vibanda leo. Mungu awalipe, sisi hatuwezi.

Pumzika, dada mkubwa, umetembea vya kutosha. Na ninyi wenye kadi, mliopo hapa na mlioko nyumbani, kibanda kitakuwa wazi Jumatano. Tafadhali rudini, mchague wenyewe.