Madaktari wa Benchi na Binti wa Seremala

Ukitaka kuwaona watu wanaojua kila kitu isipokuwa shughuli zao wenyewe, njoo konani kwetu saa nne asubuhi. Pana benchi la mbao limeegemea ukuta wa duka lililofungwa. Mimi nashona viatu pembeni yake, kwa hiyo nasikia yote, nitake nisitake. Bondia hukaa katikati kwa sababu ya tumbo. Anasema alipigana mara tatu, lakini alishindwa mara nne, maana siku ya mwisho hata refa alimtia ngumi. Kushoto hukaa Majira, fundi saa, ambaye saa yake mwenyewe imesimama tangu mwaka juzi. Dada wa Kahawa humimina na kunyamaza. Alhamisi hiyo akaja Seremala, akaketi bila salamu, akashika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyetoka kuzika.

— Vipi, mzee, mbona uso umekunjamana? — akauliza Bondia.

— Binti yangu kajifungia chumbani tangu jana. Chakula hagusi, mtu hamsemeshi.

— Chakula hagusi? — Bondia akajipiga paja. — Si ndicho tulichokuwa tunakitafuta!

Nieleze kidogo. Jumatatu Seremala alileta barua kutoka shule. Muuguzi ameandika kwamba binti, mwenye miaka tisa, uzito umemzidi, na wazazi wafike wazungumze naye juu ya chakula, michezo na usingizi. Mistari minne tu, inasomeka vizuri. Mwenye akili angekwenda kwa muuguzi. Seremala alikuja kwetu.

Bondia aliagiza kabati la chakula litiwe kufuli, na kila jioni mtoto akimbizwe mtaani. “Samaki mkunje angali mbichi,” alisema, huku mikono yake ikionyesha jinsi ya kukamua shuka. Na mimi, nisijitoe, nilimgongelea mtoto viatu vyake soli mbili za ziada kila mguu ili atoke jasho. Nilijiona mvumbuzi.

Jumatano jioni mtoto akakimbia. Bondia hakukimbia, alikaa hapa hapa na filimbi, akiipuliza kila binti alipopita. Watoto wa mtaa wakamfuata nyuma wakiimba, “Mzigo huoo!” Mzunguko wa tatu akasimama mbele yetu, akavua viatu, akavipanga sawasawa ukingoni mwa barabara, akaenda kwao pekupeku. Hakulia. Sisi tulicheka, na mimi nikiwemo.

Sasa baba yake ameketi katikati yetu, bado anatafuta dawa kwa waliomtia ugonjwa.

— Tatizo mlianza na miguu, — akasema Majira. — Mwili ni saa, bwana. Huyo kajazwa ufunguo kupita kiasi. Alale miguu juu, kichwa chini, ujifungue wenyewe. Halafu apimwe saa sita kamili, jua likiwa utosini. Jua huvuta. Kilo mbili zinakwenda hapo hapo.

— Si bora apimwe akiwa amebebwa? — akasema Dada wa Kahawa.

Mama mmoja akanifikia na kandambili iliyokatika mkanda. Nikamwambia asubiri, akaketi pembeni ya benchi, mguu mmoja ukiwa mtupu.

— Achana na Majira, — akasema Bondia. — Dawa ya moto ni moto. Mletee keki nzima. Akimaliza, mletee nyingine. Akimaliza, nyingine. Ataichukia keki mpaka kaburini.

— Lakini Jumatatu ulisema nifunge kabati!

— Jumatatu ni Jumatatu. Elimu haina mwisho.

— Basi ni mafuta ya nywele, — Majira hakukubali kushindwa. — Yanapenya utosini, yanateremka, yanajikusanya kiunoni. Maji hufuata mkondo. Mnyoe.

Seremala akatikisa kichwa.

— Mama yake kasema nikirudi tena na ushauri wa kijiweni, nihamie huku na godoro langu. Juzi nilimkuta stoo analamba sukari, kiganja kizima. Aliponiona akaruka kama mwizi aliyefumaniwa. Mimi! Baba yake! Zamani akisikia hatua zangu alikuwa anakimbilia mlangoni.

— Umeona? Mwizi tayari! — Bondia akanyoosha kidole. — Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ongeza kufuli.

Yule mama wa kandambili akageuka.

— Samahani, kaka zangu. Hizo keki na soda, pale nyumbani huleta nani?

— Mimi, — akasema Seremala taratibu. — Nikichelewa kazini naona vibaya kuingia mikono mitupu.

— Haya. Na mtoto mwenyewe anapenda kucheza nini?

Bondia akafungua kinywa.

— Anapenda... watoto wa siku hizi wanapenda simu.

— Sijauliza wa siku hizi. Nauliza huyu.

Wote tukamtazama Seremala. Kilo za binti yake anazijua, vipande vya mkate alivyokula Jumapili anavijua. Akakuna shavu.

— Alipokuwa mdogo alikuwa... — akasema.

Akaweka kikombe chini, hata nusu hajafika, akainuka, akaenda.

— Huyo anakwenda wapi? — akauliza Majira.

— Kumuuliza, nadhani, — nikasema.

— Kumuuliza mtoto? — Bondia akacheka. — Ng'ombe huulizwa njia?

Yaliyofuata niliyasikia kwa mkewe, alipoleta vile viatu ning'oe soli zangu. Hakunitazama usoni, na haki yake. Alisema mumewe aliketi sakafuni nje ya mlango wa binti karibu saa nzima. Kwanza aliomba radhi. Kisha akauliza. Jibu lilitoka kwa sauti ndogo: kuruka kamba, ila uani hapana pa kurukia, pamejaa mbao za baba. Kabla jua halijashuka, Seremala alikuwa amehamisha mbao zote peke yake. Kufuli akaitupa. Jumatatu iliyofuata wakaenda kwa muuguzi, wote watatu. Soda hainunuliwi tena, hata ya baba, na jioni wanakula chakula cha namna moja, mezani pamoja.

Kilo zimepungua ngapi sijui, na safari hii sikuuliza.

Wiki ya tatu tuliwaona wanakuja. Binti yuko mbele, anasimulia jambo kwa mikono yote miwili, na baba anakazana asiachwe. Walipolikaribia benchi wakavuka barabara, wakapita upande wa pili. Bondia akawapungia mkono. Ama hawakuona, ama waliona.

— Mnaona lakini? — Bondia akajishika kifua. — Mazoezi yangu yale! Dada, hebu niongezee kikombe.

Dada wa Kahawa akainua birika, akalitikisa karibu na sikio.

— Imekwisha, — akasema.

Mimi nilikuwa karibu. Niliisikia kahawa ikichapa ndani ya birika, limejaa zaidi ya nusu.