Nilikimbia Mashine, Nikapewa Chumba Moshono

Ndugu zangu, Bwana asifiwe kwa ile asubuhi ambayo mtu anatoka nyumbani hajui anakokwenda, na Yeye anajua!

Ilikuwa Ijumaa. Nilitoka kwa dada yangu Neema, kule Lemara, begi mgongoni. Nje ya geti njia ni mbili. Ya kulia inakwenda hospitali, ambako mashine ya kusafisha damu ilikuwa inanisubiri saa mbili. Ya kushoto inakwenda popote. Nilisimama kidogo, nikaenda kushoto. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuona kama miguu yangu bado inaweza kunipeleka mahali ambako sijaandikwa kwenye daftari la mtu.

Mimi naitwa Elia. Shule niliiacha darasa la tano, kwa sababu dirisha letu lilitazama Mlima Meru na mimi nilitaka kujua upande wa pili kuna nini. Nikaenda kuangalia. Sikurudi! Nimebeba mizigo ya wageni mlimani, nimechunga mbuzi wa watu Monduli, nimechoma matofali, nimechimba Mererani. Kila nilipofikia watu waliniuliza, "Elia, unakaa mpaka lini?" Nami nilijibu, "Mpaka nichoke." Nikishachoka, walikuta kitanda kitupu. Neno "narudi" halikuwemo kinywani mwangu.

Kule machimboni mgongo ulipouma nilimeza vidonge vya maumivu kama mtu anayetafuna karanga. Kichwa kikigonga, vidonge. Presha sikuwahi kupima. Nilijua rangi za mawe yote, lakini mwili wangu mwenyewe sikuujua! Baadaye miguu ikavimba hadi viatu vikanikataa, na chakula kikawa na ladha ya chuma. Daktari akaniambia figo zote mbili zimeharibika, na kuanzia sasa ni mashine: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara.

Wakaniunganishia mshipa mkono wa kushoto, wa kupitishia damu kwenda mashineni. Ukiweka sikio unausikia unavuma kama mzinga wa nyuki. Wiki za mwanzo nilimchosha sista wa pale kwa maswali. Hili bomba linakwenda wapi? Damu inatoka na joto au baridi? Akanicheka, "Elia, wewe ungesoma ungetusumbua sana." Lakini miezi ikapita, nikaacha kuuliza. Nilikuwa nimefungwa. Mtu wa njia nimefungwa kwenye kiti! Maji napimiwa kikombe kama dawa; maziwa na ndizi ni kuonja tu.

Kiti cha jirani alikaa Mzee Kaaya, mkulima kutoka juu huko mlimani. Siku moja aliniona nimenuna, akasema, "Kijana, hii mashine ni kama ng'ombe wa maziwa wa bandani. Huwezi kusafiri ukamwacha. Lakini nyumba yenye ng'ombe haifi njaa."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia, "Mzee, wewe umezoea kufungwa. Mimi sijazoea."

Akacheka tu. "Basi kimbia. Utamkuta hapa hapa, kiwele kimejaa."

Ndiyo nikakimbia, ndugu zangu. Ile Ijumaa nilipata lifti ya gari la mizigo mpaka Nduruma, kwa rafiki yangu Loita. Tulichimba pamoja, siku hizi analima nyanya na vitunguu. Hakujua kama naumwa, na mimi nikaona aibu kumwambia. Sasa nyie mnajua kwetu mgeni anapokelewaje. Alinitolea kibuyu cha maziwa mgando. Ningekataaje kibuyu? Mtu akikataa kibuyu, watauliza amekosewa nini, au anamwogopa nani. Nikanywa. Mchana mkewe akaleta ndizi na nyama, sahani mbili. Nikala zote. Jua la Nduruma mnalijua. Maji nikanywa mpaka kiu ikaondoka kabisa, mara ya kwanza kwa mwaka mzima. Nikasema moyoni, kumbe nilikuwa nimepona, ila madaktari hawakutaka kuniambia!

Jumapili tulikwenda ibadani. Wimbo ulipoanza nilipata mstari mmoja tu. Wa pili pumzi haikutosha. Uso ulikuwa umejaa, macho yamekuwa kama matundu ya kifungo. Loita akaniuliza, "Vipi, kaka, nyuki?" Nikasema ni vumbi. Usiku ule nililala nimekaa, kwa sababu nikilala chali nilikuwa nazama. Nilizama nikiwa nchi kavu!

Jumatatu asubuhi akaja mama mmoja mtu mzima na pikapu, kununua mabua ya ng'ombe wake. Kwao ni Moshono. Anaitwa Bibi Naomi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unaongea kama umekimbizwa na tembo, na umekaa?"

Nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Hakucheka na mimi, hata Loita alipomwambia ni vumbi tu. Aliinama, akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Kijana, hii si vumbi. Sema kweli. Mungu anaijua tayari, mimi ndiye sijui."

Ndugu zangu, nilisema! Nilisema yote mbele ya Loita na mkewe: figo, mashine, Ijumaa niliyoikimbia, dada yangu niliyemzimia simu. Loita akashika kichwa. "Na ule mgando je? Elia, umetaka nikuue kwa mkono wangu?" Hilo lilinichoma kuliko sindano zote. Aibu yangu ndogo ilikuwa karibu kumfanya mtu mwema muuaji.

Bibi Naomi hakutandika mkeka wa maombi. Alimwambia dereva awashe gari, akaniweka mbele, yeye akapanda nyuma juu ya mabua. Nilimsikia akipaza sauti kupitia dirishani, "Bwana, huyu mjinga ni wako! Mimi nampeleka, wewe mshikilie!" Akarudia hivyo mpaka mjini. Hatukupita Moshono kushusha mabua. Tuliingia hospitali nayo.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nakumbuka hewa ya mtungi, na mlio wa mashine. Ule mlio niliouchukia! Siku ile ulikuwa kama mtu anayeita jina langu. Maji yakaanza kutoka mwilini, na pumzi ikaanza kurudi, kidogo kidogo, mpaka nikaweza kusema "Bwana" bila kukatika katikati. Nilipofumbua macho, dada Neema alikuwa miguuni pangu na kikapu. Ijumaa ile alikuja na kikapu hicho hicho akakuta kiti kitupu, akanitafuta siku tatu. Hakunigombeza. Alisema, "Elia, nilikuja kukulisha, nikarudi na chakula." Nililia kama mtoto. Na kiti cha pili Mzee Kaaya akasema bila hata kugeuka, "Nilikwambia kiwele kitajaa."

Wapo wanaotaka niseme hapa kwamba figo zangu zimepona. Sitawadanganya madhabahuni. Hazijapona, dawa sijatupa, na kesho asubuhi nipo kwenye kiti changu. Nilichofunguliwa ni kukimbia. Nimefunguliwa aibu iliyokuwa inanifunga mdomo. Leo mtu akinipa kibuyu nasema, "Asante, mimi naumwa figo, naonja tu," na hakuna aliyewahi kukasirika! Nimerudi kuuliza maswali. Sista amesalimu amri.

Ndugu yangu, dada yangu, kama mwili unakupa dalili, nenda ukapime. Kama kuna kiti kinakusubiri na umechoka nacho, mwambie mtu mmoja leo, kabla hujafika getini. Mungu niliyemwona mimi hakuja na radi. Alikuja na pikapu ya mabua. Mwamini, naye atakufikisha.

Nimalizie na siku niliyotoka wodini. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Bibi Naomi alikuja akasema watoto wake wote wako Dar es Salaam, chumba cha uani kipo, na Moshono si mbali na hospitali. Dada Neema akakubali, kwa sharti simu isizimwe. Tulipofika nilimkuta ng'ombe mmoja mweusi bandani, anatafuna yale mabua ya Nduruma. Jikoni ndizi zilikuwa zinachemka. Bibi akayamwaga maji yote kwenye ndoo, akaweka maji mengine, akazibandika upya. Sista alimfundisha hivyo, ili zisinidhuru.

"Kumwaga maji ya ndizi!" akanung'unika. "Mama yangu angekuwa hai angenichapa." Yale maji akampelekea ng'ombe. "Huyu figo zake ni nzima."

Nikamuuliza, "Bibi, mara ya mwisho kulala nje ya nyumba hii ni lini?"

Akafikiri. "Kabla ya ng'ombe wa kwanza. Huyu ni wa nne."

"Na hujachoka?"

"Nichoke nini? Kila asubuhi kuna anayenisubiri."

Akanionyesha chumba: kitanda, dirisha, na kikombe cha bati alichokikwaruza alama kwa kisu, mwisho wa maji yangu. Dirisha linatazama Meru. Akasimama mlangoni.

"Sasa, Elia, unakaa mpaka lini?"

Nilivua begi, nikatoa nguo zote, nikazitundika msumarini.

"Jumatatu asubuhi natoka, bibi. Nakwenda kwenye mashine. Halafu narudi."