Kigingi Namba Kumi na Nne

Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa moja na nusu asubuhi, Vitalis alitoka na ufagio kwenda kulifagia kaburi la mkewe nyuma ya nyumba, kama alivyofanya kila asubuhi kwa mwaka mmoja na miezi miwili, akakuta kigingi. Kilikuwa cha mti, urefu wa mkono, kichwa kimepakwa rangi nyekundu na kuandikwa 14. Kilisimama kati ya saruji ya kaburi na ua wa minyaa, hatua moja tu kutoka miguuni pa marehemu. Vitalis hakukigusa. Alifagia akikizunguka, akasali sala yake fupi, akarudi ndani na kukaa kitandani, upande ule ambao haukuwa wake.

Saa tatu mjumbe wa mtaa akamletea karatasi. Ilisema kwamba bomba la majitaka la mtaa wao litapita katika eneo lake, na kwamba anaombwa kuweka sahihi ya kuridhia kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asiporidhia, bomba litapelekwa mtaa mwingine, na wa kwao utasubiri awamu ijayo. Mjumbe hakujua awamu ijayo ni mwaka gani. Vitalis aliikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala, akakitia kitabu mfukoni mwa koti, akaenda kijiweni.

Kijiwe kiko palepale kwenye kona ya kiwanja chake, nje ya ua, pale njia ya punda inapoingia barabara ya kwenda Nangwa. Ni benchi moja la mbao za mkaratusi, mguu mmoja mfupi, umewekewa tofali. Upepo wa Mlima Hanang unalipiga kuanzia Mei mpaka Agosti, na wenye benchi wanakaa wamejikunja ndani ya makoti yao kama kuku wagonjwa, lakini hawahami. Ernestina anauza kahawa ya tangawizi pembeni, birika juu ya jiko la mkaa, na yeye ndiye anayeamua kikao kinaisha saa ngapi, kwa sababu birika likiisha hapiki lingine.

Vitalis wanamwita Futi Ishirini. Kwa miaka thelathini na mmoja alichimba mashimo ya vyoo hapa Katesh, na hakuchimba shimo pungufu ya futi ishirini hata siku moja, tajiri au maskini. Kulia kwake hukaa Hermani, mwalimu mstaafu, aliyepangiwa kutoka Kasulu kufundisha miaka miwili na sasa ametimiza thelathini na minne. Huyo wanamwita Bunge. Kushoto hukaa Gidamis, jirani wa Vitalis, ambaye punda wake wanne walibeba maji ya mji huu kwa madumu mpaka mradi ulipoleta mabomba majumbani. Punda sasa wanabeba mchanga, lakini jina la Tanki limebaki kwake, na kinyongo pia.

Asubuhi ile Vitalis aliwaeleza habari ya kigingi kwa maneno machache. Alishangaa kidogo kuona hakuna aliyemkatiza. Bunge alipuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa. Tanki aliinama kufunga kamba ya kiatu kwa mkono mmoja, wa pili mfukoni, naye alikuwa amevaa makubazi.

Kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Bunge alieleza kwamba kosa ni la ramani. Ramani za siku hizi, alisema, zinapigwa kutoka angani, na saruji ya kaburi ukiiangalia kutoka angani inafanana kabisa na ardhi ya kiangazi. Kwa hiyo mashine haikumwona Paskalina. Tanki akasema si ramani, ni ubaridi. Bomba linatafuta ardhi yenye ubaridi, hata punda anajua hivyo, na chini ya kaburi lazima kuna ubaridi. Ernestina akamuuliza tangu lini bomba likawa na pua. Tanki akamjibu kwamba yeye amefanya biashara ya maji kabla mama yake Ernestina hajaolewa.

Alhamisi nadharia zilikuwa zimekua. Bunge sasa alikuwa na hakika kwamba majitaka yetu yatapelekwa Dodoma kumwagilia maua ya maofisini, ndiyo maana bomba limenyooshwa upande ule bila kujali nani amelala njiani. Tanki alisema Dodoma ni karibu mno. Alisikia kijijini Mogitu, kwa mtu mwenye shemeji dereva, kwamba yatapandishwa mlimani, yamwagwe kwenye shimo la kileleni, mlima uyachuje, na baada ya miaka mitatu yarudi bombani yakiwa safi na sisi tuyalipie mara ya pili. Bunge akauliza maji yatapandaje mlima. Tanki akasema ndiyo maana wanakopa fedha nyingi vile.

Siku nyingine Vitalis angecheka. Walikuwa wakimchekesha kwa makusudi, aliliona hilo, na aliwapenda kwa ajili hiyo. Lakini kitabu cha sala kilikuwa kizito mfukoni.

Maana jambo lenyewe lilikuwa hivi. Bomba lile lilikuwa la Paskalina. Maji yalipofika majumbani miaka mitatu nyuma, mji mzima ulifurahi, na watu wakaoga kama waliokuwa wakidaiwa. Lakini maji yakiingia lazima yatoke, na yote yaliingia kwenye mashimo. Mashimo ya futi ishirini yaliyotakiwa kudumu miaka kumi yakajaa kwa mwaka mmoja na nusu. Katika mkutano wa mtaa, wakati kila mtu anashukuru, Paskalina alisimama na khanga yake ya kanisani, akamwambia mgeni aliyetoka ofisi ya maji:

— Maji ya kuingia mmetuletea, Mungu awabariki. Ya kutoka mmemwachia nani?

Watu walicheka. Mgeni aliandika. Baada ya hapo Paskalina hakukosa kikao hata kimoja cha majitaka. Masika ya mwaka uliofuata, shimo la jirani wa juu lilijaa likatapika, majitaka yakapita jikoni kwa Paskalina, yakaingia kwenye pipa la maji ya kupikia bila mtu kujua. Aliugua tumbo siku tisa. Alizikwa tarehe nane Aprili.

Lile shimo lililotapika lilikuwa la mkono wa Vitalis. Hilo hakuwahi kulisema kijiweni. Alilisema kwa padri tu.

Sasa bomba alilolidai Paskalina limekuja, na linataka kupita miguuni pake. Akikubali, katapila litachimba pale alipomlaza. Akikataa, mashimo yatatapika tena, na safari hii jikoni kwa mwingine. Usiku wa Alhamisi aliomba ishara, akalala bila kuipata.

Ijumaa asubuhi aliwaambia kijiweni kwamba hatasaini.

— Mnisamehe, alisema. — Najua watoto wa mtaa huu. Lakini nilishamzika mara moja. Siwezi mara mbili.

Hapo ndipo ilipokuwa zamu ya mtu kusema neno. Bunge, ambaye hajawahi kukosa hoja tangu alipofika Hanang, alitazama mlima. Tanki alisema upepo ni mkali leo. Ernestina aliongeza kahawa kwenye vikombe vilivyokuwa vimejaa.

Saa nne ikasimama pikipiki. Alishuka binti mwenye buti za mpira na kofia ya plastiki, kifaa cha kupimia kikining'inia shingoni. Alikuwa fundi sanifu wa maji, jina lake Erica, ametokea Newala na bado hajauzoea ubaridi, amevaa skafu mbili. Alivua kofia kwanza.

— Shikamooni wazazi wangu.

— Marahaba, wakaitika, kila mmoja kwa sauti yake.

Alikuja kumwona Mzee Vitalis kuhusu karatasi. Vitalis akamweleza polepole, kama alivyowaeleza wengine, kwamba hatasaini na kwa nini. Erica alisikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukakunjamana, akaomba apelekwe akaone.

Vitalis alimpeleka. Binti alipofika kaburini alipiga ishara ya msalaba kabla ya kuangalia chochote kingine, na hilo Vitalis aliliweka moyoni. Alikitazama kigingi, akatazama kifaa chake, akatazama mteremko. Kisha akaking'oa, akarudi nacho mkononi mpaka kijiweni, akasimama mbele ya benchi.

— Wazazi wangu, naomba kuuliza. Kigingi hiki nilikipiga mwenyewe Jumatatu, hapa, kando ya mguu wenye tofali. Kimefikaje kaburini?

Ernestina akainua birika amimine. Halikutoa kitu. Akalitikisa, akalirudisha jikoni tupu.

— Huko juu bomba lisingeweza kupita hata tungetaka, Erica aliendelea bila ubaya. — Majitaka hayasukumwi, yanateremka yenyewe. Na kaburini ni mlimani ukilinganisha na hapa. Mzee Vitalis, si wewe ndiye uliyechimba vyoo vya mji huu? Wameniambia ofisini.

— Ndiye mimi, alisema Vitalis.

Na hapo akaona aibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Miaka thelathini na mmoja ya kutazama maji yanaelekea wapi, na siku tatu alikuwa ameamini kwamba majitaka yatapanda mlima kwenda kumsumbua mkewe. Aligeuka akamtazama Bunge, kwa sababu ni Bunge aliyekuwa ameacha kupumua.

— Mwalimu?

— Kilikuwa chini ya benchi, alisema Bunge, akitazama viatu vyake. — Jumatatu, mlipoondoka. Nikasema wakichimba hapa, benchi limekwisha. Tutakaa wapi, Futi Ishirini? Wewe tangu msiba hutoki kwenda mahali pengine ila kanisani na hapa. Nikakisogeza kidogo tu, juu, ubavuni mwa zizi la punda.

— Zizi la nani? aliuliza Tanki, na mara moja akajuta kuuliza.

Wote wakamgeukia.

Tanki alijitetea kwa muda mrefu. Alisema mabomba yalishamnyang'anya kazi, je, yaje kumnyang'anya na zizi? Alikikuta Jumanne jioni, akakichomoa, akapenyeza mkono kwenye minyaa, akakipigilia upande wa pili kwa jiwe. Alidhani pale ndipo penye nyasi za mbuzi. Minyaa ilikuwa imefunga, hakuona kitu.

— Na uliposikia Jumatano kimeonekana wapi? aliuliza Vitalis.

— Nilikufa, alisema Tanki. — Nilikufa, ndugu yangu, nikashindwa kusema kwamba nimekufa.

Ernestina alikuwa akifuta vikombe visivyo na uchafu. Alipoona zamu imemfikia, akasema kwamba yeye alimwona Mwalimu Jumatatu akihangaika na jiwe chini ya benchi, na hakusema kwa sababu bila benchi nani atanunua kahawa yake.

Vitalis alikasirika. Alisimama, akaenda hatua chache kwenye njia ya punda, akawapa mgongo. Upepo ulilipiga koti lake. Siku tatu wamemwona akibeba ile karatasi, wakampa habari za Dodoma na kilele cha mlima, na mtu mmoja wa kusema "ni mimi" hakuwepo. Halafu akawafikiria mmoja mmoja: mwalimu wa miaka sabini akichungulia barabarani kama mwizi wa mahindi, akaiba kigingi ili yeye Vitalis asikose pa kukaa, na Tanki na mkono wake uliochomwa na utomvu wa minyaa, ambao kumbe ndio aliokuwa akiuficha mfukoni tangu Jumatano. Mabega yake yakaanza kutikisika. Wakadhani analia, Tanki akasimama amfuate. Lakini Vitalis alikuwa anacheka. Hawakuwa wamekisikia kicheko kile tangu masika ya mwaka jana, wakakaa kukisikiliza.

Aliporudi alitoa kitabu cha sala, akaikunjua karatasi, akaomba kalamu. Alisaini polepole, jina lote, juu ya goti. Erica akaichukua kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa huruma kwamba wachimbaji watafika Jumatatu, na kwamba benchi, kwa kweli, haliwezi kubaki.

— Litahamia kwangu, alisema Vitalis.

— Kwako wapi? aliuliza Bunge.

— Kule nyuma. Paskalina alikuwa akiniambia kila siku kwamba nimeoa kijiwe. Basi kije nyumbani, akione.

Wakalibeba. Bunge na Tanki walishika mbele, Vitalis na binti wa maji walishika nyuma, Ernestina akafuata na jiko, birika na lile tofali. Lilikuwa zito kuliko walivyokumbuka, na walipumzika mara mbili. Waliliweka kando ya ua wa minyaa, upepo hauingii pale, wakashangaa miaka yote walikuwa wakiganda bure. Ernestina, kwa mara ya kwanza tangu afungue biashara, akatia maji kwenye birika kupika la pili. Maji aliyachota kwenye bomba la jikoni kwa Paskalina.

Walipokaa, Vitalis alivua kofia. Wengine nao wakavua, na Erica akaweka yake ya plastiki magotini. Mzee alisali kwa sauti, taratibu, kama anayesoma maandishi madogo:

— Ee Bwana, mpokee Paskalina wako, umpe pumziko lisilo na mwisho. Aliuliza maji ya kutoka yameachiwa nani. Leo amejibiwa, umwambie. Mimi unisamehe shimo lile la jirani, maana lilikuwa la mkono wangu, na hawa wenzangu uwasamehe kigingi. Mwanga wako usimzimikie, na siku tukimfuata, tumkute ametuwekea nafasi. Amina.