Goli Lililoachwa Wazi

Kwenye Hiace ya kutoka Nyamwaga, kijana alimpa shikamoo mzee aliyevaa jezi, kisha akacheka. "Mzee, redio imesema timu yenu inavunjwa. Jezi ya nini tena?"

"Kipa wetu alikuwa mdogo wangu, Simioni," mzee akajibu. "Tulikwenda wote vita vya Kagera, nikarudi peke yangu. Jumapili ya kwanza tulicheza watu kumi. Goli tuliliacha wazi kwa heshima yake."

"Mkafungwa ngapi?"

"Tisa. Hakuna aliyetoka uwanjani."

Mimi, niliyekaa nyuma yao, nilijifanya naangalia migomba nje.

"Lakini mzee, mpira wa sasa unataka wafadhili, si machozi," kijana akasema.

"Nani amelia hapa?" mzee akafoka. Gari likasimama Nkende, akashuka. "Jumapili tunacheza. Waje watuvunje tukiwa uwanjani!"