Historia ya Marehemu Zakayo Githinji Wahome, Mtu wa Zimamoto na Sheria ya Kura

Wachungaji wetu, viongozi mlioketi mbele, majirani wa Kitengela na wageni mliotoka Kajiado, Matasia na Nyeri, mimi naitwa Nduta, kitinda mimba wa mzee Wahome, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya ndugu yangu, kazi ambayo niliikataa mara mbili kabla ya kuikubali, kwa sababu nitakayoifikia mbele, nawaomba mnivumilie.

Marehemu Zakayo Githinji Wahome alizaliwa tarehe 9 Februari 1943 huko Karatina, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Wahome na marehemu Wangui, na alipokuwa na miaka sita baba alipata kazi ya reli, tukahamishiwa Kajiado, ambako nyumba za wafanyakazi zilikuwa mstari mmoja kando ya njia ya treni, na hapo ndipo alipojifunza Kimaa, lugha ya Wamaasai, kwa kuchunga mbuzi na wenzake, akakizungumza mpaka mwisho wa maisha yake bila mtu kujua kwamba hakuzaliwa nacho.

Alisoma shule ya msingi hapo Kajiado, akarudi Nyeri kwa masomo ya sekondari, na mwaka 1964 akaingia chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1966. Alifundisha Matasia, kisha Kajiado, na tarehe 5 Januari 1978 akaletwa hapa Kitengela kuwa mwalimu mkuu, wakati mji huu ulikuwa maduka machache na bucha pande mbili za barabara, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina lake tena, hata sisi wa nyumbani, kila mtu alimwita Mwalimu.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na Mumbi, ambaye yuko hapa mbele yetu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Wahome na Wangui, wote wakiishi sasa Marekani pamoja na wajukuu watatu, na wamesafiri kuja kumzika baba yao, tunawashukuru.

Mwaka 1992 wazee walimfuata shuleni wakamwomba agombee ubunge, naye alikataa wiki nzima, akisema mwalimu akiingia siasa hurudi bila shule na bila siasa, lakini mwishowe alikubali, akachaguliwa tarehe 29 Desemba mwaka huo, na akachaguliwa tena mwaka 1997. Mimi nilikuwa wakala wake mkuu katika chaguzi zote, niliacha kazi yangu ya ukarani kwa ajili yake, na nasema hivyo ili mjue nilikuwa nimesimama wapi.

Wakazi wa zamani wa hapa mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 11 Agosti 1996, moto uliposhika vibanda vya sokoni muda mfupi baada ya ibada, na tulikimbia huko na nguo za kanisa, Mwalimu akavua koti akaingia katika mstari wa watu waliopitisha ndoo kutoka kisimani. Fundi cherehani Syokau aliishi nyuma ya kibanda chake na watoto wake wawili, na mlango wa chumba chao ulikuwa upande ule ule ulioshika moto kwanza. Gari la zimamoto liliitwa kwa simu, nalo lilikuwa linatoka mbali, na mama yake Syokau, mama Mbeke, alimshika ndugu yangu mkono mbele yangu, hakulia, hakupiga kelele, alimuuliza tu, "Mheshimiwa, gari iko wapi?"

Mwalimu alimwambia inakuja. Ilikuja baada ya saa mbili na dakika arobaini, ikiwa na maji ya kutosha kuzima majivu, na Syokau na watoto wake tuliwazika Alhamisi.

Baada ya hapo ndugu yangu alibadilika, si kwa maneno, alikuwa mtu wa maneno machache siku zote, ila alianza kwenda wilaya baada ya wilaya akiuliza gari la zimamoto liko umbali gani, akiandika majibu katika daftari za shule, na alipoteuliwa Waziri Msaidizi mwezi Januari 1998 alikuwa na daftari saba, na kutoka humo ukaandikwa Mswada wa kutenga fungu la bajeti kila mwaka kwa ajili ya vituo vya zimamoto nje ya miji mikubwa.

Nilikuwepo Bungeni alipousimamia mara ya kwanza, Alhamisi ya tarehe 17 Juni 1999, nimeketi juu kwenye viti vya wageni na nguo yangu nzuri. Alianza kusoma saa tisa na nusu, na wabunge wakaanza kutoka mmoja mmoja, wengine wakienda chai, wengine wakielekea nyumbani mapema, na yeye aliendelea kusoma majina ya masoko yaliyoungua na umbali wa gari la karibu, bila kuinua macho, mpaka mmoja akasimama kusema kwamba Bunge halina idadi ya kutosha. Kengele ikapigwa, ikangojwa, hakuna aliyerudi. Walihesabiwa tisa, walitakiwa thelathini, kikao kikaahirishwa. Nilimkuta kwenye ngazi akipanga karatasi zake, na hakuzungumza juu ya wale waliotoka, aliniuliza tu kama sauti yake ilikuwa ikifika kule juu nilikoketi, nikamwambia ilifika vizuri.

Aliurudisha Mswada huo mwaka 2001, wakati huo akiwa Waziri kamili, ukapita mwezi Novemba ukiwa umekatwa zaidi ya nusu, magari matano kwa nchi nzima, moja kwa wilaya yetu. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa maana sisi wa Kitengela tulijua gari ni letu, tulikuwa tumelilipia kwa makaburi matatu, lakini sheria aliyoiandika mwenyewe ilisema gari liwekwe makao makuu ya wilaya, na makao makuu ni Kajiado. Wazee walimwendea, mimi nilimwendea, tukamwambia yeye ni Waziri, asogeze mstari mmoja tu. Alijibu kwamba akisogeza mstari kwa ajili ya kwao, wakubwa wa zile wilaya nyingine nne watasogeza kwa ajili ya kwao, na mwisho magari yatalala kwenye nyua za mawaziri. Gari lilipelekwa Kajiado mwezi Machi 2002, na siku ya kulipokea hakuna mtu wa Kitengela aliyekwenda.

Mwaka huo huo alisimamia mabadiliko katika sheria ya uchaguzi, kifungu kifupi tu, kwamba kura zikishahesabiwa kituoni, matokeo yaandikwe kwenye fomu, yatiwe sahihi na mawakala, yabandikwe mlangoni pa kituo watu wayasome, na kwamba hakuna afisa yeyote mbele ya safari atakayekuwa na mamlaka ya kubadilisha hesabu hiyo. Kifungu hicho kilipita kwa kura chache, na wenzake wa chama waliokuwa wakinywa chai naye wakahama meza. Aliniambia hayo mwenyewe, kama mtu anayesimulia hali ya hewa.

Nimefika kwenye sehemu niliyoogopa kuisoma. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2002, na asubuhi ya tarehe 28 tulikuwa tumeshindwa kwa kura mia mbili na kumi na nne, na karibu zote tulizozikosa zilikuwa za hapa Kitengela. Afisa mmoja, ambaye sitamtaja na ambaye sasa hayupo, aliniita kando nje ya kituo cha kujumlishia kura, akaniambia kuna fomu za vituo vitatu zinazoweza kuandikwa upya, zinahitaji tu Mwalimu akubali. Mimi nilikubali kabla yake. Nilimfuata kwenye gari alikoketi, nikamweleza, nikamwambia watu waliomkataa wamemkataa kwa sababu ya mambo mema, kwa hiyo si dhambi kuwarekebisha.

Akasema, "Ile karatasi iko kwa mlango, Nduta. Watu wameshasoma."

Nilimwambia amenitupa mimi na kila mtu aliyemfanyia kazi, nikamwambia maneno mengine ambayo hayafai mbele ya jeneza, nikashuka kwenye gari. Nilihamia Kware, Ongata Rongai, nikafungua duka la vitambaa, na kwa miaka mitano sikumpigia simu, na yeye akipiga nilimwachia msichana wa dukani aseme nimetoka.

Yaliyofuata nimeyajua kwa kuambiwa. Mwaka 2003 mkewe Mumbi alisafiri Marekani kumsaidia Wangui kulea mtoto, na kwa sababu za kiafya na za makaratasi akakaa huko, wakiongea kwa simu Jumapili. Wale waliokuwa wakijaza ua wake kila Jumamosi waliacha kuja tangu wiki ya kwanza. Jirani yetu Jawahir, mwenye duka hapo kona, anasema Mwalimu alikuwa akija kila asubuhi kununua gazeti, akiketi kwenye benchi la duka kulisoma, na siku nyingine hakutamka neno lingine mpaka kesho yake, ndipo Jawahir akaanza kumpelekea anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na chai bila kuulizwa, na mumewe Abshir, ambaye ni mfanyabiashara wa mifugo, akawa anampeleka Kajiado kila Ijumaa akienda mnadani.

Kajiado alikuwa akienda kituo cha zimamoto. Msimamizi wa kituo, Bwana Katoo, ameniambia kwamba Mwalimu aliketi nao, akauliza kama tangi limejaa, akanywa chai, akaondoka, na kwa mwaka mzima vijana wa zamu walidhani ni mstaafu wa idara fulani. Ijumaa ya tarehe 8 Septemba 2006 alikuwa njiani kwenda kituoni moto ulipotokea kwenye vibanda vya soko la Kajiado, gari likafika kwa dakika sita, vibanda vinne vikaungua, na hakuna mtu aliyepoteza maisha, wala kuumia. Katoo alimwona katika umati, karibu na kamba, akitazama maji, na askari kijana akamwambia, "Mzee, rudi nyuma kidogo," naye akarudi. Siku ile viongozi walitoa hotuba, wakashukuru watu wengi, yeye akapanda gari la mbuzi la Abshir akarudi nyumbani.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipoingia katika masikitiko tunayoyajua kwa kugombania hesabu za kura, Jawahir anasema Mwalimu aliketi na redio siku nzima, akingoja labda mtu atampigia kumuuliza lolote juu ya sheria ile. Hakuna aliyepiga. Mimi nilikuja Jumapili ya tarehe 17 Februari 2008, nikiwa nimeandaa maneno yangu njia nzima, nikamkuta uani akifua shati, amekonda, akaniangalia, akakausha mikono, akaniuliza, "Umekula?"

Tulikula, tukaongea juu ya mama yetu, juu ya kisukari kilichokuwa kimempata yeye, juu ya bei ya vitambaa, na maneno niliyoyaandaa yalibaki kifuani, na tangu siku hiyo nilikuja kila Jumapili.

Tarehe 4 Machi 2009 alipatwa na kiharusi, akalazwa Nairobi wiki tano, akarudi nyumbani akiwa hawezi kusema sawasawa, nami nikafunga duka nikahamia hapa kumtunza, na figo zilipochoka tulimrudisha hospitalini, ambako aliaga dunia Jumatatu ya tarehe 19 Oktoba 2009, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, Jawahir na Abshir waliokuwa jamaa tulipokuwa mbali, Bwana Katoo na wenzake wa zimamoto ambao wameomba kulibeba jeneza, walimu wenzake, na waheshimiwa wote mliofika leo.

Mwalimu, miezi yote ile nilikulisha kwa kijiko, nikakusomea magazeti, na kila siku nilisema nitakuambia kesho. Sikukuambia. Nakuambia sasa, mbele ya watu hawa: ile asubuhi ndani ya gari, wewe ndiye uliyekuwa sawa, na mimi nilikosea. Pumzika kwa amani, ndugu yangu.