Mlioondoka Kabla ya "Ila"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwakilishi wa wafadhili wetu, Ndugu Mkuu wa Tathmini, pamoja na vijana wako wenye vishikwambi, Mwenyekiti wa kamati ya kituo, wazazi, nanyi watoto mlioombwa msilie mpaka magari yaondoke: nawasalimu nyote, na niliyemsahau asinune.

Nimeambiwa nishukuru. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapa kituoni, na kushukuru ndiyo kazi yangu ya pili. Tunashukuru kwa vyuma ambavyo watoto wetu wasiotembea huvishika wakijifunza kusimama. Tunashukuru kwa kibao chenye jina lenu, ambacho ni kipana kuliko mlango wenyewe. Zaidi ya yote tunashukuru kwa tathmini, kwani bila hiyo tungejuaje kwamba tumeshapona?

Naam, tumepona. Ripoti inasema wazazi karibu wote wana "hali nzuri", lengo limetimia, na kwa hiyo ufadhili unakoma leo. Hongereni sana. Lakini niruhusuni nisimulie ushindi huu ulivyopatikana, maana nilikuwa palepale dirishani.

Kijana mmoja, mtanashati kwelikweli, alimkuta Mama Pacha kwenye benchi.

"Mama, habari za nyumbani?"

"Nzuri, mwanangu."

"Na watoto?"

"Wazima tu, tunashukuru."

Akabonyeza kishikwambi chake, akaaga, akahamia kwa mwingine. Mama Pacha akanigeukia. "Mwalimu, huyu mbona kaondoka? Mimi hata sijaanza."

Alikuwa hajasema kwamba pacha mmoja ndiyo kwanza ameanza kusimama, mwenzake bado hawezi kukaza shingo, na yeye mwenyewe mgongo umekwisha kwa kuwabeba wote wawili.

Jamani, nani hapa aliyelelewa akaleleka, akiulizwa habari huanza na maradhi? "Nzuri" hutangulia, "ila" ikafuata, na huko baada ya "ila" ndiko tunakoishi. Ndugu Mkuu wa Tathmini, wewe nawe ni mtoto wa watu. Mama yako ukimpigia simu, bila shaka huanza na "hatujambo". Je, huwa unakata hapohapo?

Nimekasirika, na sioni haya kusema. Kituo kikifungwa, pacha yule aliyeanza kusimama atarudi sakafuni, kwa sababu misuli isiyonyooshwa hukaza tena, hata kama ripoti ina jalada la kung'aa.

Mheshimiwa, najua ratiba inakubana, na najua karatasi ya kufunga kituo inangoja sahihi yako. Mama Pacha yule pale, safu ya nyuma, mmoja mgongoni, mmoja mapajani. Kabla hujashika kalamu, nakuomba ushuke ukaketi naye. Muulize habari. Akishasema nzuri, wewe nyamaza, usubiri.

Kwa kunivumilia na kunisikiliza, asanteni.